Maneno Tuliyoyaozesha Kirumba

Uvumilivu uliniishia mlangoni, hata mkoba sijaushusha. Neema wangu, darasa la pili, karudi kutoka kwenye akademi yao mpya ya Kiingereza na kibao cha aibu shingoni, kile wanachovishwa watoto walioropoka Kiswahili. Kosa lake? Kaonyeshwa picha ya kiboko, jina limempotea, akasema "lakecow". Ng'ombe wa ziwani. Mwalimu akadai hicho ni Kisukuma kilichovaa sweta. Jioni nikamwuliza kama anataka ugali, akatikisa kichwa. Asubuhi vilevile. Mtoto kafunga mdomo.

Jamani, sisi wa enzi za ugali wa yanga, yale mahindi ya njano, na katambuga za matairi, Kiingereza hatukukiogopa. Pale shuleni Kirumba, Mwalimu Kabula alituachia tukiozeshe! Vitabu havikuwapo, basi alikata maboksi, kila kipande neno moja. Wavulana upande huu, wasichana ule, harufu ya dagaa wanaoanikwa ikiingia dirishani. Washenga wanapiga magoti: "Shikamooni. Tuna kijana wetu, 'foot'. Tumesikia kwenu yupo binti, 'ball'." Wenzao wanabana: "Huyo mguu wenu ana ng'ombe wangapi?" Tunacheka mpaka madawati yanalia. Wakikubaliana, maneno yanasimamishwa pamoja, yamekuwa nyumba moja.

Sheria ilikuwa moja: anayesimama nyuma ndiye mwenye nyumba, wa mbele anamsindikiza tu. "Weka 'milk' mbele ya 'cow', umepata ng'ombe," Mwalimu alituambia. "Geuza, umebaki na maziwa, ng'ombe kaenda zake." Baada ya harusi tulitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, mabibi harusi wakigombania kubwa kubwa.

Huyo ng'ombe wa ziwani alizaliwa humo humo. Mwalimu alifuta machozi ya kicheko: "Waingereza hawamwiti hivyo, lakini mkipiga kelele watajua wakimbie." Kisha akatupa jina lao lile refu, na tukalishika mpaka leo. Mimi ndiye niliyemfundisha Neema mchezo huo, tukichambua mchele.

Siku hizi biashara ruksa, shule zinachipuka kama vibanda vya mitumba. Watoto wana soksi hadi magotini na sweta kwenye joto hili la Mwanza. "Gudi moningi, ticha!" wanaimba kwa mkupuo. Waulize jina la sufuria, wanatazama dari.

Nikaenda shuleni. Mwalimu wa Neema, kijana wa tai, akanipokea vizuri: "Mama Neema, huku tunafundisha Kiingereza cha kitabuni."

"Na 'blackboard' unayoiandikia," nikamwambia, "ilishuka mbinguni ikiwa imeshaungwa?"

Akakohoa. Akasema malalamiko ni kwa maandishi. Nilimshukuru. Kidato cha nne nilimaliza, kalamu ninayo. Nikakaa palepale kwenye benchi la wageni, nikaandika:

"Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule. Nalalamika rasmi kuhusu kibao alichovishwa mwanangu Neema wa darasa la pili. Kibao ninacho mimi, na sikirudishi. Mtoto alisahau jina, akatumia akili kutengeneza lingine. Angesahihishwa, angejua mawili. Ameaibishwa, na sasa hasemi hata moja. Nilimkabidhi kwenu akiwa anaongea kutwa nzima, mpaka majirani wanalalamika. Leo akitaka maji anaonyesha mtungi kwa kidole. Naomba mnirudishie mtoto niliyewaletea."