Kiti cha Enzi cha Mama

Mama yangu ni mfupi, na nyonga ya kushoto inamsumbua. Ndiyo maana, nilipoanza kumtengenezea kiti cha enzi, kitu cha kwanza nilichoshika kilikuwa msumeno. Nilikata miguu ya kiti.

Mimi napamba kumbi hapa Bariadi: harusi, send-off, ubarikio. Viti vya enzi vya kukodi navijua vyote. Vimetengenezwa kwa ajili ya bibi harusi mrefu mwenye viatu virefu. Mama angekaa juu yavyo miguu ikining'inia kama mtoto aliyepandishwa mezani. Sisi watoto wake tulikuwa tumepanga kumfanyia sherehe ya shukrani, kwa sababu alitulea peke yake baada ya baba kufa, na alitulea kwa jembe, kwenye pamba ya kijijini kwetu Lingeka. Sikukubali siku hiyo akalie kiti cha watu wengine.

Nilichukua kiti kimoja cha meza yangu ya chakula, cha mninga, chenye mikono. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda Lingeka kumsalimia, nikampima kwa uzi kutoka kisigino hadi nyuma ya goti.

"Unanipimia jeneza?" aliniuliza.

"Nakupimia kiti, mama."

"Kiti gani kinapimwa kama gauni?" Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Nyuma ya kiti niliweka mgongo mrefu wa plaiwudi, uliochongwa juu kama taji, nikaufunga kwa bolti ili niweze kuutoa wakati wa kusafirisha. Nilipiga msasa, nikapuliza rangi ya dhahabu uani huku kuku wakikimbia harufu. Kwenye sehemu ya kukalia niliweka sponji nene kuliko ninayotumia kwa wateja, nikavika velveti nyekundu, nikagonga misumari yenye vichwa vya dhahabu pembeni. Nilipomaliza nilikikalia mwenyewe. Magoti yalinipanda kidogo. Nikajua kitamfaa.

Siku ya sherehe nilikiweka kwenye meza kuu, katikati. Kisha nikaenda mlangoni kumpokea mama, kwa sababu alipaswa kuingia akichezewa ngoma na wenzake wa kijijini. Walimleta polepole, wanaimba, wanamtunza vitenge, naye anacheka kwa aibu. Tulipofika mbele, kiti kilikuwa na mtu.

Alikuwa baba mdogo, ndugu yake baba. Amekaa, miguu mirefu imekunjika, magoti yanakaribia kifua, fimbo iko mapajani. Pembeni yake walikuwa wameweka kiti cha plastiki.

Huyu baba mdogo lazima nimweleze. Baba alipozikwa, ndiye aliyekuja na vijana wake wakafungua zizi. Alisema anakwenda kutuchungia ng'ombe mpaka tukue. Tumekua. Mimi nina watoto sasa. Ng'ombe hatukuwaona tena, wala maziwa yao. Mama alirudi kwenye palizi na mdogo wetu mgongoni, na sikumsikia hata mara moja akimtaja shemeji yake kwa ubaya mbele yetu.

Nilimwendea kwa adabu. Nilipiga goti, nikamwamkia. "Shikamoo baba. Hiki kiti tumemwandalia mama."

"Marahaba," alijibu. "Mama yako ataketi hapo pembeni. Mwanamke anakaaje juu, na mimi niliyebaki badala ya baba yako nikae chini?"

Badala ya baba yangu! Nikamgeukia kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Alikuwa ameangalia sakafu.

"Acha tu," alininong'oneza. "Ni mzee. Tusiharibu sherehe."

"Sherehe ya nani?"

Mama, kwa upande wake, alikuwa ameshaanza kujishusha kwenye kile cha plastiki, ameshika meza kwa mikono miwili, uso umekunjamana kwa maumivu, huku anatabasamu ili wageni wasione. Tabasamu hilo ndilo lililonimaliza. Miaka yote ya utoto wangu nililiona. Alilivaa wanunuzi walipomwambia pamba yake chafu. Alilivaa zizi lilipofunguliwa.

Nilikwenda kwenye sanduku langu la vifaa nyuma ya pazia, nikarudi na spana. Nikasimama nyuma ya baba mdogo, nikaanza kufungua bolti za mgongo wa kiti.

Mwanzoni hakuelewa. Mshereheshaji alikuwa anaendelea kutangaza ratiba, akasita katikati ya sentensi. Ikabaki sauti ya spana tu.

"Unafanya nini wewe?" baba mdogo aliuliza bila kugeuka.

"Nachukua mapambo yangu, baba. Wewe kaa."

Mwanamke mmoja kati ya wenzake mama aliangua kicheko, na wengine wakamfuata. Hapo baba mdogo akasimama, akanigeukia, akainyanyua fimbo. "Mtoto wa kike unanidhalilisha mbele ya watu? Nitakulaani!"

Aliposimama nilikivuta kiti. Nilikivuta kwa nguvu zangu zote mpaka kikagonga meza ya keki, nikakisogeza nyuma ya mama.

"Mama, kaa."

Alimtazama shemeji yake. Alinitazama mimi. Nikasema tena, "Mama, nakuomba ukae."

Akakaa. Nyayo zake zilitua sakafuni, zote mbili. Baba mdogo alitoka na wazee wawili watatu, bila kula. Bolti za upande mmoja zilikuwa zimelegea, hivyo taji lilimwinamia mama begani, na katika kila picha ya siku hiyo kiti kimelala upande kama kimelewa. Sikuzikaza tena. Niliogopa kumwinua hata kidogo.

Ndani ya gari, wakati wa kumrudisha, nilitegemea atasema wabeja, asante ya Kisukuma. Alisema, "Umenikalisha pale watu wananitazama kama mwizi."

"Mwizi ni nani, mama?"

"Usinijibu hivyo."

Niliumia, sitaficha. Lakini nilipotulia, hasira yangu haikumwelekea yeye. Ilielekea kwa wote waliomfundisha mwanamke kuomba radhi kwa kukalia kitu alichotengenezewa, wakiwemo wale wanaoita mafundisho hayo heshima.

Kiti kipo Lingeka sasa. Mama alisema mgongo ule unaleta wanga na wivu, kwa hiyo niliutoa na kurudi nao mjini. Velveti aliifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Anakikalia barazani akichambua pamba, na jirani aliniambia kwamba wageni wakija huwaletea vigoda.

Kaka ananipigia simu mara kwa mara. Anataka niende kwa baba mdogo na khanga ya kumpa mke wa mzee huyo, nipige magoti, niombe msamaha, kwa sababu ukoo umegawanyika na laana ya mzee si mchezo. Nimemjibu kwamba nitakwenda. Nitapiga magoti, na khanga nitabeba. Ila atangulie yeye, kama mtoto wa kiume mkubwa, akamuulize mzee ng'ombe wa baba yetu wanachungwa wapi.

Mpaka leo kaka hajaenda. Na mimi sijaenda.