Chai Nyeusi Kwenye Karavani la Tumpale

Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba maji ya kisima kipya cha mtaa ni safi na salama, hayana rangi, hayana ladha, hayana harufu, na kwamba mtu yeyote atakayesikika akisema vinginevyo atahesabiwa kuwa anapotosha umma. Hivyo ndivyo lilivyosomeka tangazo la Mwenyekiti Osea, lenye mihuri miwili, mmoja juu ya mwingine, kana kwamba wa kwanza haukuaminika. Lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa. Halikubandikwa kisimani, kwa sababu kisimani watu wanakwenda na pua zao.

Tumpale alilisoma akiwa na ndoo kichwani, akalirudia, akaenda zake. Yeye si mtu wa kubishana na karatasi. Alizaliwa Mbebe, kwenye milima ya Ileje, ambako maji hutoka mwambani yakiwa na baridi ya kuuma meno na hakuna aliyewahi kuyatangaza. Aliteremka Tunduma miaka kumi na minne iliyopita, akawa anawapikia madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Katika miaka hiyo amejifunza kwamba dereva aliyekaa foleni siku nne humshuku kila mtu: wakala wa forodha, mbadilisha fedha, bodaboda, na mke aliyemwacha nyumbani. Zamu ya mpishi huja siku ya tano.

Nyumba yake na mgahawa wake ni kitu kimoja. Ni karavani, kijumba cheupe cha bati chenye magurudumu mawili, cha kukokotwa na gari, kilichoachwa na wazee wawili wa Kizungu waliokuwa wakitoka Cape Town kwenda Cairo na ekseli yao ikaamua kuishia Tunduma. Fundi aliyebaki nalo gereji alimpa Tumpale kwa makubaliano ya kulishwa mchana kwa miaka miwili. Fundi alikuwa mlaji, lakini miaka iliisha. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, sinki la ukubwa wa sahani, na chini ya kitanda tenki la maji la lita sitini, ambalo Wazungu walilifunga vizuri mno hata hewa haipiti.

Bomba lilipokauka mwezi Agosti, Tumpale alianza kulijaza tenki hilo maji ya kisima, juu ya yale ya bomba yaliyobaki. Siku ya tatu alifungua koki ya sinki, karavani lote likanuka misumari iliyolowekwa pamoja na yai bovu. Siku ya nne chai ikawa nyeusi.

Chai ya rangi kila mtu anaijua: ni nyekundu, na ukiinyanyua kwenye mwanga inapendeza. Hii ilikuwa nyeusi kama wino, na juu yake ulielea utando unaong'aa kama mafuta. Madereva waliitazama. Kisha wakamtazama mpishi.

Hapo ndipo Tumpale alipokosea, na alikosea kwa adabu. Kwao Mbebe, anayempa mgeni kinywaji hukionja kwanza. Anapiga funda moja mbele ya mgeni, anamkabidhi, na mgeni anajua kwamba mkono uliompa hauna jambo. Tumpale hakuwahi kuifanya desturi hiyo barabarani, maana madereva wana haraka. Lakini alipoona vikombe havinyanyuliwi, aliona ni wakati wa kuwapa wageni heshima yao kamili. Akawa anaonja kila kikombe. Wateja wake walitoka Ndola, Lubumbashi na Dar es Salaam, na kwa hesabu zao mpishi anayeonja mbele yako ni mpishi ambaye tayari kuna mtu amemshuku. Wao walikuwa bado hawajafika huko. Aliwafikisha yeye.

Wiki iliyofuata Lusungu, Mzambia mwenye tumbo na sauti, anayewaongoza madereva wenzake bila kuchaguliwa, alikamulia limao kwenye kikombe chake. Chai ikapauka palepale. Ilitoka kwenye weusi ikawa rangi ya majani makavu, mbele ya watu kumi na wawili. Na limao, kama kila mtu ajuavyo, huumbua sumu.

"Bamayo," Lusungu akasema, yaani mama kwa lugha ya kwao, kwa upole uliotisha kuliko kelele, "chai yako imeogopa limao."

"Limao ni lako, baba," Tumpale akajibu. "Mimi nimeleta chai tu."

Kufikia mchana kulikuwa na habari mbili. Ya kwanza ilisema ni dawa ya kuvuta wateja, ingawa wateja walikuwa wanaondoka. Ya pili ilisema ni dawa ya kuwalaza madereva ili wanyonywe mafuta kwenye matenki. Imelda, anayeuza uji hatua thelathini kutoka hapo, aliendelea kupakua uji. Alitikisa kichwa tu, na kichwa hicho kilimuuzia sufuria mbili za ziada kila siku.

Kisha ikaja barua. Mwenyekiti Osea aliileta mwenyewe, akaisoma kwa sauti. Kwa kuwa maji ya kisima hayana harufu, na kwa kuwa kwenye karavani kuna harufu, basi harufu ni ya karavani. Chombo hicho kiondolewe barabarani ndani ya siku saba kwa ajili ya afya ya jamii. Ukiitazama vizuri, barua haikuwa na kosa. Ila karavani lilikuwa na tairi moja zima, na kando ya ile barabara hapakuwa na kiwanja kingine hata cha kuweka kigoda. Kuondolewa maana yake ilikuwa Tumpale arudi Mbebe akaanze upya na jembe, akiwa na miaka arobaini na tisa na goti moja bovu.

Siku ya pili ya zile saba alikuja dereva mwingine, Ambakisye, mtu wa Mlowo, aliyekuwa akisubiri karatasi moja ya forodha kwa siku ya sita. Hakutaka chai. Aliomba glasi ya maji yaliyotoka kisimani wakati uleule, akaiweka kwenye ngazi ya karavani, akakaa kuitazama. Maji yalikuwa meupe. Baada ya saa moja yalikuwa ya manjano. Jua lilipoinama, chini ya glasi kulikuwa na tope jekundu.

"Ni chuma, dada," akasema. "Kutu."

Alieleza kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye mtambo wa kuosha kahawa huko Mbozi, na kisima chao kilikuwa hivyohivyo. Maji hutoka ardhini na chuma kimejificha ndani. Yakikutana na hewa, chuma huota kutu na kuzama. Yakikutana na majani ya chai kabla hayajakutana na hewa, ndiyo unapata wino, na ukali wa limao huufuta wino huo. Na ukiyafungia kwenye tenki lisilopumua, huko ndani yanaoza na kufanya utelezi.

Tumpale akamuuliza nani amemtuma.

"Hakuna aliyenituma."

"Hivyo ndivyo anavyosema aliyetumwa."

Hata hivyo alimsikiliza, kwa sababu siku tano ni chache. Walifungua tenki, wakatoa utelezi wa rangi ya matofali, wakalisugua, wakalilaza na maji ya klorini usiku kucha, wakalisuuza mara tatu. Walitoboa ndoo chini, wakapanga ndani yake kokoto, mkaa uliooshwa na mchanga wa mto. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyapa maji hewa: unasimama juu ya ngazi, unamimina kutoka ndoo hii kwenda ile iliyo chini, unanyanyua, unamimina tena, kisha unayaacha yalale hadi kesho kutu izame, ndipo unayachuja. Maji ya kwanza yalipotoka, Tumpale alimpa Ambakisye ayanywe yeye, akamwangalia mpaka jioni.

Mwanamke anayesimama juu ya ngazi alfajiri akimimina maji yaleyale kutoka ndoo hadi ndoo hawezi kutegemea kueleweka. Imelda alihesabu mara ishirini na moja, akasema idadi hiyo haiji hivihivi.

Siku ya saba Mwenyekiti Osea alifika na mgambo wawili na kamba ya kukokotea. Madereva walisogea karibu, maana foleni haina burudani nyingi. Tumpale alikuwa ameweka birika mbili juu ya ubao. Alimwomba Lusungu akachote mwenyewe ndoo moja kisimani, ajaze birika ya kwanza kwa maji hayo na ya pili kwa yaliyochujwa, azichemshe, kisha atie majani ya chai kutoka pakiti moja. Lusungu alifanya hivyo akinusa kila kitu, pamoja na pakiti. Vikombe viwili vikajazwa. Kimoja kilikuwa cheusi. Kingine kilikuwa chekundu.

"Haya, onja, bamayo," akasema Lusungu.

"Sionji," akasema Tumpale. "Nimewaonjea mkaniita mchawi. Leo aonje mwenye maji."

Akachukua kikombe cheusi kwa mikono miwili, akapiga goti, lile zima, akampa Mwenyekiti. "Karibu, baba. Hiki ni cha maji ya kisima. Hayana rangi, hayana harufu."

Osea alikipokea, maana kilitolewa kwa heshima. Alikishika muda mrefu kuliko kawaida ya chai. Mwishowe akasema daktari amemkataza majani ya chai kwa sababu ya presha.

"Basi chota maji yenyewe, mzee," akasema Lusungu. "Hayo hayana majani."

Madereva walicheka. Osea aliweka kikombe chini, akatamka kwamba suala hili ni zito na linahitaji kikao. Mmoja wa mgambo, akiwa amechoka kubeba kamba, alikuwa ameshamaliza kile chekundu na anaulizia sukari. Lusungu alimtazama kwa makini kwa dakika kadhaa, na alipoona hajaanguka, akaagiza chake.

Kikao kilifanyika Alhamisi, na barua ya kuliondoa karavani ikaahirishwa hadi kikao kijacho. Chai ya wajumbe ilichukuliwa kwa Tumpale, chupa mbili, na mhudumu wa ofisi alikuwa ameagizwa asimame palepale mpaka aone maji yake yamechotwa kwenye ndoo ipi.