Mgonjwa Ambaye Wanza Hakumpata

Wanza Muoki aliishia darasa la nane. Mimi nilifundisha sekondari miaka thelathini na mmoja. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu hapa Huruma watu wamelisahau. Akipanda ngazi za ploti yetu, jengo la vyumba vya kupanga, na koti lake la buluu na simu ya kaunti, kina mama humfungulia kabla hajabisha. Mimi hubisha mara mbili.

Zamani aliuza sukuma wiki pale langoni. Sasa ni mhudumu wa afya wa mtaa, huandika nani anakohoa na nani amezikwa. Mwaka huu kaunti imeunganisha rekodi zake na kadi za zahanati na vibali vya mazishi. Ploti ikifikisha vifo vitatu vya kifua kikuu, gari la eksirei huletwa hadi langoni. Wanza alialikwa mjini kuwaeleza madaktari jinsi anavyofanya. Picha yake imebandikwa kwenye ofisi ya chifu. Nimeiona. Kola ilikuwa imekunjika.

Ploti yetu ilikuwa na vifo viwili, na mgonjwa mmoja aliyepotea: Naftaly Nzivo, ghorofa ya tatu, aliyeacha kuchukua dawa mwezi wa tatu. Wanza alimtafuta mlango kwa mlango.

"Hakuna Nzivo aliyewahi kuishi hapa," nilimwambia, na ilikuwa kweli.

Jina hilo nililichagua mimi. Marehemu mume wangu, Willis Amolo, karani wa reli, alijiandikisha nalo kwenye zahanati ya mbali ili jina letu lisisomwe kwenye benchi la wagonjwa. Alipofia nyumbani mwezi huo wa tatu, tulitangaza kanisani kwamba ni moyo.

Jumamosi moja Wanza alikuja, akaketi kwenye kiti cha Willis bila kuuliza.

"Mwalimu, huyu Nzivo amenizungusha mpaka viatu vimeisha."

"Labda alidanganya jina."

"Wengi hudanganya. Kuna mmoja alijiandikisha kwa jina la mama mkwe wake." Alicheka, kisha akatoa karatasi kuukuu. "Hii ni fomu yangu ya kuomba hii kazi. Mzee Willis ndiye aliyenijazia."

Sikujua. Miaka arobaini ya ndoa, na hakuniambia. Mwandiko ulikuwa ule ule wa barua alizoniandikia nikiwa chuoni.

Akanionyesha simu. Picha ya kadi ya Nzivo, iliyojazwa na mgonjwa mwenyewe. Ile A yenye mkia, sawa na ya kwenye fomu.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki tano. Lakini siwezi kuandika kitu ambacho watu wa nyumba hawajasema, Mwalimu. Na ngazi hizi zina watoto wengi."

Ningependa kusema niliwafikiria watoto. Nilifikiria kwamba mwanamke huyu alikuwa amelitunza jina letu wiki tano, vizuri kuliko nilivyolitunza mimi.

"Andika," nikasema. "Willis Amolo. Kifua kikuu."

Gari lilifika Alhamisi iliyofuata. Foleni ilizunguka ploti, na kila aliyepimwa alimshukuru Wanza. Wanne walipatikana na ugonjwa. Mmoja ni Adongo, mjukuu wangu wa miaka sita ninayeishi naye.

Daktari anasema atapona. Kila asubuhi Wanza hupita, na Adongo humeza vidonge vyake mbele yake akitabasamu. Nikimpa mimi, huvitema.