Maua ya Kahaso

Kahaso wa kijiji cha Idsowe ni mkali kwa mambo ya ukoo. Mwanawe alipoposa binti wa mbari yao, yeye mama mtu alikwenda mwenyewe kuivunja posa, maana kwao wa mbari moja hawaoani. Lakini maua yake mekundu ya porini aliyaotesha kwa mbegu za mche mmoja tu, na mche wowote wa kutoka kwingine aliung'oa. Yakadumaa, mbegu zikawa makapi.

Mwaka jana, kwa kukata tamaa, alileta mche wa ua hilohilo kutoka Kulesa, akaupanda katikati ya yake. Nyuki wakafanya kazi yao. Miche iliyotokana na mbegu hizo sasa inampita kiuno.

Juzi nilimkuta ameiduwalia, leso mdomoni. Nikamsalimu.

"Miaka tisa," akanijibu taratibu, "nimekuwa nikiozesha ndugu kwa ndugu."