Nilimsomea Uongo Siku Bunduki Yake Ilipopunguziwa Makali

Makosa ni yangu. Nasema hivyo mapema usije ukaanza kunihurumia kabla hujasikia. Nilimdanganya mwanamke anayeniamini kuliko mtu yeyote, na uongo wenyewe ulihusu gemu ya simu. Cheka ukitaka. Hata mimi ningecheka kama yangekuwa ya mwingine.

Niko Nyamira, upande wa Ikonge. Nimeolewa, nina mtoto mmoja, nachuma chai. Mlango wangu unatazamana na mlango wa mke wa shemeji yangu. Nitamwita Kerubo, na hilo si jina lake. Tuliolewa katika boma hili mwaka mmoja, na tangu hapo tunafanya kazi kwa zamu, ule utaratibu wetu tunaouita egesangio. Leo tunachuma shamba langu, kesho lake.

Gemu tuliijulia kituoni, pale tunapopeleka majani kupimwa. Ukiambiwa lori la chai ni la saa nane, jua utalisubiri mpaka saa kumi na moja. Pale juu mtandao ni mzuri, na kukaa tu kunachosha. Kerubo alikuwa na simu kuukuu ya mume wake, na gemu ilikuwa ndani.

Kama hujui, ni hivi. Watu mia moja wanashuka kwa parachuti kwenye kisiwa. Kila mtu anaokota silaha. Kuna duara linalozidi kufinywa, na ukibaki nje yake unakufa. Anayebaki mwisho ndiye mshindi.

Kerubo alikuwa hatari! Vidole vya mchuma chai, unafikiri ni mchezo? Alikuwa anashuka katikati ya mji, pale wengine wanapopakimbia, anaokota shotgani na kujibanza ndani ya nyumba. Hiyo shotgani tuliipa jina Mama Mkwe, kwa sababu inakungoja mlangoni na haisemi mara mbili. Risasi moja, mtu chini.

Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma. Kerubo aliacha shule darasa la sita. Kiswahili anakisoma polepole, Kiingereza hapana. Na wenye gemu hawatulii. Kila baada ya miezi michache wanaleta msimu mpya na kubadilisha mambo. Bunduki iliyokuwa kali wanaipunguza makali, iliyodharauliwa wanaiongeza. Msimu mmoja waliondoa magari yote, tukajifunza kuondoka mapema kwa miguu. Ukiendelea kucheza kwa akili za msimu uliopita unachinjwa kama kuku. Kwa hiyo nilikuwa nasoma maelezo, namtafsiria, tunapanga upya nani abebe nini. Hakuwahi kuniuliza mara mbili.

Sasa, pale sokoni kuna fundi wa simu, wote tunamwita Kapteni. Alikuwa na kikosi cha watu wanne cha kwenda mashindano Kisii mjini, na washindi wangepelekwa Nairobi. Mmoja wao akapata kazi mbali. Kapteni akatuambia tuje dukani kwake Jumapili, mimi na Kerubo, tucheze mbele yake. Angechukua mmoja.

Nafasi ilikuwa ya Kerubo. Nilijua, Kapteni alijua, hata wale mama wa kituoni walijua.

Na alihitaji hiyo nafasi, wacha nikwambie. Hapa bomani Kerubo akifungua mdomo anakatizwa. Mama mkwe wetu, yule wa kweli, humwambia, "Nyamaza kidogo, mwache aliyesoma aseme." Aliyesoma ni mimi! Kwenye gemu peke yake ndiko watu walikokuwa wanamfuata yeye.

Lakini na mimi nilikuwa na donda langu. Cheti changu cha kidato cha nne kimelala ndani ya sanduku, na mgongoni nina kikapu cha chai kama kila mtu. Nilitaka kitu kimoja ambacho ni changu. Nilimwonea wivu. Naam, nimesema.

Alhamisi msimu mpya ukaingia. Tulikuwa kituoni, lori halionekani. Kerubo alikuwa amemwaga majani yake juu ya gunia, anayachambua. Mimi nikafungua maelezo kwenye simu yangu.

Yalikuwa wazi kabisa. Shotgani imepunguzwa: badala ya risasi moja, sasa inataka tatu. Duara linafunga haraka na linaishia kwenye uwanda mtupu, hakuna nyumba. Yaani ukitaka kuishi, tafuta gari mapema na ubebe bunduki ya kupiga mbali. Nikasoma mara ya pili.

"Wameandika nini?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Hakuna kitu. Ni nguo mpya tu na rangi za bunduki."

"Mama Mkwe ako sawa?"

"Ako sawa kabisa."

Akacheka. "Basi Jumapili watanijua!"

Utauliza, mbona hakujionea mwenyewe? Simu yake ilikuwa imejaa, ule msimu mpya haukuingia. Alikuwa anangoja Jumapili awekewe na Kapteni. Ijumaa tulikuwa shambani kutwa, na jua likizama Ijumaa kwetu Sabato imeingia, hakuna gemu. Nilijua hayo yote nilipofungua mdomo wangu.

Sabato nikasema naumwa kichwa. Mama mkwe akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akaniombea. Kerubo akamchukua mtoto wangu waende naye kanisani, akaniachia uji kwenye chupa ya chai. Walipotoka nikatoa simu yangu chini ya mto. Mchana kweupe, siku ya Bwana, nilikaa kitandani nikijifunza ile bunduki ndefu. Nilikunywa uji wa Kerubo huku nikifanya mazoezi ya kumshinda.

Jumapili duka lilijaa. Kapteni alikuwa ameunganisha simu na runinga ili kila mtu aone. Kerubo akashuka mjini kama kawaida yake, akaokota shotgani, akajibanza nyuma ya mlango. Mtu akaingia. Kerubo akapiga.

Yule mtu hakuanguka! Kerubo akapiga tena. Bado amesimama. Yule mtu akageuka, akammaliza Kerubo.

Watu walicheka. Ni kile kicheko cha sokoni, mnakijua.

"Mama, hiyo shotgani ilikufa Alhamisi," Kapteni akasema. "Kwani hukusoma?"

Kerubo akaniangalia. Nilingoja anitaje. Nakuapia, nilikuwa nimeshapanga uongo wa pili. Yeye akageuka kwa Kapteni akasema, "Alinisomea vizuri. Ni mimi sikushika."

Kai! Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kusema ukweli. Nilitazama chini, kwenye vumbi la mlangoni.

Akacheza mara ya pili, akafa mapema zaidi. Mimi nikatafuta gari, nikabeba bunduki ndefu, nikakaa ndani ya duara kabla halijafinywa. Nilibaki kati ya watatu wa mwisho. Kapteni akanipigia makofi. "Huyu ako na akili ya kubadilika! Huyu ndiye!"

Njiani Kerubo aliniambia maneno haya tu: "Kichwa changu ni kizito. Mama mkwe wetu husema ukweli." Kesho yake akafuta gemu kwenye simu, akasema anataka nafasi ya picha.

Ukidhani hapo ndipo mwisho, hujanielewa. Hapo ndipo nilipofungiwa.

Siku ya mazoezi ikifika, Kerubo ananichumia chai yangu. "Nenda, hii nayo ni egesangio. Wewe unatupigania." Anambeba mtoto wangu mgongoni, kikapu changu kichwani. Sokoni anawaambia watu mimi ni wa kwao. Kila akinisifu, najisikia kama mtu aliyefungiwa ndani ya ghala na funguo ziko mfukoni mwake.

Kisii mjini hatukufika mbali. Mechi ya pili maadui walijificha ndani ya nyumba, na kati yetu wanne hakuna aliyejua kuingia. Tulikufa mmoja mmoja mlangoni. Tukirudi Kapteni akasema, "Tulikosa mtu wa kuvunja nyumba. Yule mama mwenzako, angeshika bunduki nyingine kidogo tu, angetuvusha." Nililia, akadhani nalilia mechi.

Nikataka kujitoa. Kapteni akakataa, anasema mimi ndiye msomaji wao, kila msimu mimi ndiye nawaambia tubadilishe nini. Kerubo naye akakasirika. "Uache kwa sababu gani? Mimi nimekuwa nikichuma bure?" Nikimbilie wapi? Milango yetu inatazamana. Asubuhi nikifungua, yeye ndiye wa kwanza kunisalimia.

Msimu uliofuata shotgani ikarudishiwa makali yake. Nikakimbia kumwambia, nikidhani hii itatengeneza kitu.

"Mama Mkwe amerudi!" nikasema.

"Mwache tu. Hata ukinisomea nitakosea tena, kama siku ile."

Juzi tukiwa shambani nikajikaza. Nikamwambia, "Kerubo, ile Alhamisi pale kituoni..." Akanikatiza, macho yake yamejaa machozi. "Wacha. Nilikuaibisha mbele ya watu na ukanyamaza, hukunisema. Nitakushukuru aje?"

Ananishukuru! Ee Mungu wangu! Nikainama, nikaendelea kuchuma. Nilivunja matawi badala ya majani.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, sikieni. Kama kuna mtu anayetegemea macho yako, awe ni mzazi unayemsomea karatasi ya dawa, au mwenzako unayemtafsiria ujumbe, usibadilishe hata neno. Utashinda siku hiyo, ndiyo. Lakini yeye hatakulaumu wewe. Atajilaumu mwenyewe, na utakaa ukimtazama akijiita mjinga kila siku, na utashindwa kumzuia bila kujitaja.

Nimeandikia ukurasa huu kwa sababu moja. Kerubo anaupenda. Kila unapotoka, tukiwa tunangoja lori, yeye anachambua majani na mimi namsomea maungamo ya watu. Huwa anatikisa kichwa na kusema, "Huyu naye, si angesema tu mapema."

Hili nitamsomea pia. Nimejiapia kwamba sitaruka mstari, sitatafsiri kwa njia yangu, sitasema ni nguo mpya tu na rangi.

Kerubo, kama nimefika hapa bila kukimbia, na mikono yako imesimama juu ya gunia, jua kwamba anayesimuliwa ni wewe. Mama Mkwe hakuwa sawa siku ile. Iliandikwa, niliisoma mara mbili, na kichwa chako hakikuwa na shida yoyote.