Spika ya Katikati Haijapotea

Hapa mtaani Langas ukiuliza fundi wa redio, watakuonyesha kibanda yangu. Wakikuonyesha mwingine, jua wananionea wivu. Shule niliacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha. Lakini hii si hadithi yangu mimi Ouma, ingawa ingekuwa yangu ingekuwa tamu zaidi. Ni ya Nabalayo, mama anayeuza uji na mahindi chemsha pale karibu na kanisa. Nikianza kuongea juu yake nashikwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Nabalayo alitoka upande wa Webuye akiwa msichana, akamfuata bwana yake, Wabuge, ambaye alikuwa anabeba magunia kwa stoo ya mahindi Moi's Bridge. Wabuge alikuwa mkubwa kama mlango, na akiongea hata kuku zinatoka nyumbani. Baadaye walihamia hapa Langas, wakakaa miaka na miaka bila harusi, watoto wakazaliwa, Joyline wa kwanza, wakakua, mpaka mwaka wa 2007, mwezi wa nane, ndio wakaenda mbele ya pasta. Nilimtania Nabalayo ati keki ni changa kuliko bibi harusi. Akaniambia ninyamaze, ama nitakula keki kwa picha kama watu wengine.

Harusi ilipigwa video, na Wabuge akanunua homu thieta ya kuionea. Niliifunga mimi, nani mwingine? Spika mbili za mbele, mbili za nyuma, ile wufa kubwa ya besi kwa kona, na ile ndefu inayolala juu ya televisheni, ya katikati. Nyuma ya kila moja nikachoma jina langu na chuma moto ya kulehemu, OUMA, kwa sababu kazi safi lazima ijulikane baba yake. Kila Jumapili baada ya kanisa walikuwa wanaweka diski ya harusi, na majirani wanajaa kwa kiti mpaka kwa mlango. Wengi walijua utani wa hotuba ya Wabuge kwa kichwa.

Halafu mwisho wa mwaka huo kura ikaja, na baada ya kura mtaa ukawaka. Watu walikimbilia kituo cha polisi. Nabalayo alitoka na watoto na Bibilia, na ile diski alikuwa ameisukuma ndani ya gamba la Bibilia. Walipofika, Wabuge akasema watoto watakufa na baridi, akarudi kuchukua blanketi. Tulimpata kesho yake kando ya mtaro. Kuna watu huniuliza mpaka leo waliompiga walikuwa kabila gani. Siwajibu. Waliompiga wanajijua, na mwenye kuuliza hivyo anatafuta tu pahali pa kuelekeza jiwe ingine.

Nyumba haikuchomwa. Iliibwa, mpaka pazia. Na hapo ndipo moto wangu uko. Kuna watu hawakurusha hata jiwe moja, ni watu wa kanisa, walingoja tu jirani akimbie ndio waingie na mkokoteni.

Vita ilipotulia, chifu akasema kwa baraza kwamba mwenye alichukua kitu ya mtu airudishe, hataulizwa. Asubuhi moja gunia ilipatikana kwa mlango wa kanisa, na ndani kulikuwa na vitu ya Nabalayo: ile mashine ya diski, wufa, spika za mbele na za nyuma. Ya katikati haikuwako. Nabalayo aliziweka chini ya kitanda, hakuzigusa. Hakuwa na moyo wa kuzisikia.

Mwaka ulipokaribia kuisha tangu Wabuge afe, familia ikapanga makumbusho. Wazee wangetoka Webuye, wapikiwe, waombe. Nabalayo alitaka kitu kimoja tu: wasikie Wabuge akiongea kwa ile diski, kwa sauti yake. Watoto walikuwa wanaanza kuisahau, na yeye mwenyewe alikuwa anaogopa kuisahau. Basi akaazima televisheni kwa jirani, akaunganisha zile spika, akaweka diski. Kwaya iliimba, kinanda ikalia, wamama wakapiga vigelegele. Lakini Wabuge alipochukua maikrofoni, mdomo ulifunguka na sauti haikutoka. Mtu mkubwa vile, anafungua mdomo kama samaki.

Nabalayo alikuja mbio kwa kibanda yangu. Sikuwa nimemwona akikasirika hivyo hata siku ya mazishi. Aliniambia kuna watu walishika ile diski wakamfuta, kwamba wamemuua mara ya pili.

Nikaenda kuangalia, na nikacheka kidogo, kwa sababu kwangu hiyo ilikuwa ugonjwa mdogo. Nikamweleza kwamba hakuna mtu alifuta kitu. Kwaya inatapakaa pande zote, lakini mtu mmoja akiongea, hii mashine inampeleka katikati, kwa ile spika ndefu. Mashine haijui ile spika iliibwa. Bado inamtuma Wabuge huko, na huko hakuna mtu. Dawa yake ni kuingia kwa setingi za spika na rimoti, uiambie ya katikati haiko, na itamgawa Wabuge kwa hizi mbili za mbele. Nikatoa rimoti yangu ya fundi, nikafika kwa hayo maneno kwa televisheni, nikiwa najisifu bado.

Nabalayo akanishika mkono.

"Unaiambia nini?"

"Kwamba spika haiko, mama Joyline. Ni kubonyeza tu."

"Wacha. Spika iko."

"Iko wapi sasa?"

"Iko kwa Cyril. Inamwimbia regge kila siku nikipita na uji. Ati mimi ndio niseme haiko? Nikisema haiko, basi hakuna mtu aliiba."

Nikaweka rimoti chini. Cyril ni jirani yake, kinyozi, pia ni kiongozi wa kwaya, anaongea Kibukusu ya kwao Webuye kama yeye, na ndiye alibeba jeneza ya Wabuge upande wa kichwa. Kwa duka yake ya kinyozi kulikuwa na spika imetundikwa juu ya kioo, nami nimenyolewa hapo mara nyingi, na haya macho yangu ya fundi hayakuitambua.

Nabalayo akatoka na aproni yake ya uji, mimi nyuma. Cyril alikuwa amenyoa mteja nusu kichwa. Nabalayo hakumsalimia. Alipanda kwa kiti, akashusha spika, akaigeuza. OUMA, herufi zangu nzuri.

Cyril akacheka cheko ya kuomba. "Mama Joyline, nilikuwa nakuwekea tu. Ingeharibika."

"Na hizi zingine ulizirudisha kwa gunia, hii ukaogopa itaharibika."

"Kwani tumekosana?"

"Hapana. Jumamosi ni makumbusho, wewe ndio unaongoza nyimbo. Ukikosa, nitakuja kukuita mwenyewe, na sitakuja peke yangu."

Yule mteja wa nusu kichwa alilipa akaenda hivyo hivyo.

Jumamosi Cyril alikuja. Aliimba, akapewa chakula, akakaa karibu na wazee na sahani ya kuku. Nabalayo akaweka diski. Nilikuwa nimeirudisha spika mahali yake, na kwa setingi nikapandisha ya katikati peke yake mpaka mwisho. Hilo hakuniambia mtu, ilikuwa akili yangu.

Wabuge akachukua maikrofoni, na nyumba ikatikisika. Joyline akashika mdomo. Wabuge alishukuru pasta, akashukuru wakwe, akanitania mimi ati nimekuja harusi na kiatu ya kuazima, na ni uongo, ilikuwa yangu. Halafu akafika pale tulikuwa tumesahau sisi wote isipokuwa mke wake.

"Na jirani yangu Cyril, simama watu wakuone. Hata nikifa leo sina wasiwasi. Nyumba yangu iko na mtu."

Kwa televisheni Cyril alisimama akapunga mkono. Kwa nyumba, Cyril aliweka sahani chini, taratibu, akaangalia mlango. Wazee waliangalia ile spika, wakamwangalia yeye. Habari ya kinyozi ilikuwa imefika Webuye kabla yao kutoka.

Akainuka aende.

"Kaa," Nabalayo akamwambia, bila kupandisha sauti. Kisha akanigeukia mimi na rimoti yangu. "Ouma, rudisha nyuma. Alikuwa anatafuna, hajasikia vizuri."