Mlio wa Kiti cha Nyuma

Kazini walimwita King'ora, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na miaka yote ya kupasua barabara huku magari ya wenzake yakimpisha ilikuwa imemwingia mwilini. Hata akitumwa dukani kununua chumvi, alikwenda kama mtu anayewahisha mgonjwa. Chai aliinywa amesimama. Na likizo ya kiangazi ikifika, safari ya kwenda kwa dada yake, mwendo wa siku mbili kwa mtu mwenye akili zake timamu, yeye aliimaliza kwa siku moja. Alifika macho mekundu, akashuka, akatangaza amefika saa ngapi kabla hata hajasalimia.

Mkewe alikuwa fundi wa makochi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana yake: sponji zimerundikwa hadi darini, makopo ya gundi, miguu ya viti isiyo na viti, na yeye katikati, misumari midogo imebanwa midomoni, akishona kwa sindano iliyopinda kama kucha ya paka. Watu walimwita Fundi tu. Alikuwa mtu wa taratibu, maana kitambaa ukikiharakisha kinakuumbua mbele ya mteja. Kwake yeye safari zile zilikuwa adhabu. Alipitishwa kando ya mito, masoko na vilima, na vyote alivyoviona ni rangi tu zinazokimbia dirishani. Akiomba wasimame, King'ora alijibu, "Tutasimama mbele." Hiyo mbele haikuwahi kufika.

Mwaka huo mama yake King'ora angesafiri nao, kwa hiyo Fundi akaamua kukivisha kiti cha nyuma cha gari lao kuukuu kitambaa kipya cha bluu, kwani kile cha zamani kilikuwa kikishika jua kinachoma mapaja. Alipomaliza, King'ora akatoka kulijaribu gari. Alirudi amekunja uso.

"Kuna kitu kinalia huko nyuma," alisema. "Nikienda polepole, kimya. Nikikanyaga mafuta tu, kacha kacha kacha, kama meno ya mtu mwenye homa."

Fundi alielewa papo hapo. Gari lile likikimbizwa lilitetemeka mwili mzima, na chini ya kiti, katikati ya springi, alikuwa amesahau kopo lake la vifungo. Alifungua mdomo amwambie. Halafu akaufunga.

"Itakuwa nini hicho?" aliuliza, huku akiinama kuokota kipande cha uzi ambacho hakikuwa na haja ya kuokotwa.

"Sijui. Ila gari linalolia hivyo halikimbizwi."

"Hapo umesema kweli, mume wangu," alijibu Fundi kwa sauti ya mke mtiifu. Kisha akaenda jikoni, akaingiza kichwa ndani ya kabati la vyombo, akacheka mpaka sufuria zikagongana.

Siku ya safari waliondoka asubuhi. Mama mkwe alikaa nyuma peke yake. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sura, asiyepitwa na kitu. King'ora alishika usukani kama kawaida yake, wakatoka mjini, akakanyaga mafuta. Kacha kacha kacha. Akaachia. Kimya. Akakanyaga tena. Kacha kacha. Akatukana kwa chinichini, kwa heshima ya mama yake, na gari likaanza kujikokota kama linapeleka mayai.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa, Fundi aliiona barabara. Kulikuwa na mwanamume aliyekuwa anampaka punda wake mafuta masikioni. Kulikuwa na nyumba yenye mlango wa kijani lakini isiyo na ukuta wa nyuma. Kulikuwa na bata waliovuka barabara kwa mstari, na King'ora, ambaye kwa mwendo ule hakuwa na sababu ya kupiga honi, akalazimika kuwatazama mpaka wa mwisho, aliyekuwa na kigugumizi cha miguu.

"Huyo wa nyuma anachechemea," alisema King'ora, kama aliyeshangaa kwamba amesema.

Kwenye mji mdogo wa kwanza alisimama kwa fundi magari. Yule fundi alilala chini ya gari, akatoka, akaliendesha kulizunguka soko, akarudi akipangusa mikono. "Gari haina ugonjwa," alisema. Bila shaka: nani atakimbiza gari sokoni? Wakati hayo yakiendelea, Fundi na mama mkwe walikuwa wameshapata benchi kivulini na tikiti maji lililopasuliwa vipande vinene. King'ora alikataa kipande cha kwanza. Cha pili alikipokea ili tu wamwache. Cha tatu alikichukua mwenyewe, na maji yakamchirizika mpaka kwenye kiwiko.

Waliporudi garini, mama mkwe alimgusa Fundi bega kutoka nyuma, akamnong'oneza, "Mkwe wangu, hiki kiti ulichonishonea kinacheka."

Fundi akageuza kichwa taratibu. "Kinacheka vipi, mama?"

"Kinacheka hapa chini ya mapaja yangu. Mwanangu akiongeza mwendo, kinacheka." Akajiweka sawa kitini. "Mimi sijasema kitu. Mbele kuna mto. Nimewahi kuusikia tu, sijauona."

Basi wakawa wawili. Kila walipokaribia mahali pazuri na barabara ikawa nzuri kiasi cha kumshawishi King'ora, mama mkwe alijisogeza kidogo ili kiti kilie vizuri zaidi, kisha akalalamika, "Mwanangu, hii kelele inanipasua kichwa. Hebu tupumzike." Na nani angemkatalia mama yake?

Mtoni King'ora alisema watakaa kidogo tu, injini ipoe. Mama mkwe alivua viatu, akaingia na gauni lake mpaka kiunoni, akakaa kwenye jiwe katikati ya maji kama yuko sebuleni kwake. King'ora alizunguka gari, akalipiga teke gurudumu, akatazama saa. Mwishowe akakunja suruali, akaingia kumtoa. Hakumtoa. Fundi alipoinua macho, mume wake alikuwa amechutama majini, akijaribu kukamata samaki wadogo kwa kofia yake ya kazini, naye amenyamaza kama mtu anayesikiliza siri.

Walilala kwenye nyumba ya wageni ya njiani, na kesho yake asubuhi King'ora aliamka na wazo.

"Leo nakifungua kiti cha nyuma mwenyewe."

"Sishuki," alisema mama mkwe, aliyekuwa ameshakaa. "Mguu umekufa ganzi."

"Utakufa ganzi mpaka lini, mama?"

"Kwani mimi ndiye ninayeupangia?"

Lakini hata mama mkwe ana mambo yake ya kibinadamu. Kwenye kituo cha mafuta aliomba kwenda chooni, akamtazama Fundi kwa jicho la pole, akaenda mbio. Aliporudi, kiti kilikuwa nje, kimelala kwenye sakafu ya saruji, na fundi wa kituo ameshika kopo mkononi. Alilitikisa. Kacha kacha. Akalifungua.

"Vifungo," alisema.

King'ora aliokota kimoja. Kilikuwa kimevishwa kitambaa cha bluu. Akakitazama kiti kipya cha bluu. Akamtazama mkewe. Fundi wakati huo alikuwa anayachunguza mawingu kwa makini sana.

"Mama, na wewe ulijua?"

"Kujua ni neno kubwa, mwanangu. Nilikuwa nimelikalia tu."

Fundi wa kituo alijikohoza, akageuka kutazama ukuta, mabega yakimtikisika. Hilo ndilo lililomuuma King'ora zaidi. Alikirudisha kiti mahali pake, akafunga mlango kwa nguvu, akaondoa gari. Sasa hapakuwa na cha kumzuia. Vilima vikawa rangi tena. Fundi alitaka kuomba radhi, lakini kila alipolitafuta neno la kuanzia alimwona tena mume wake amechutama mtoni na kofia ile, na ilimbidi aume midomo.

Walifika kwa dada yake mchana. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani aliwaambia wenyeji wametoka, watarudi jioni, kwa kuwa waliambiwa wageni wanakuja polepole. Kumbe jana yake King'ora alimpigia dada yake simu kumweleza gari ni bovu.

Wakakaa kwenye ngazi za mlangoni, watatu kwa mstari, wakitazama ukuta wa jirani. Ulikuwa ukuta wa matofali. Haukuwa na jambo lolote.

"Tumewahi," alisema mama mkwe.

King'ora alisimama, akakaa. Akasimama tena, akajaribu kufuli kama vile lingebadili mawazo. Akakaa. Fundi alimwona akiukodolea macho ule ukuta kwa chuki.

"Niliona kibao," King'ora alisema ghafla.

"Kibao gani?"

"Pale baada ya daraja. Cha maporomoko ya maji. Kimechorwa mshale."

"Mimi sikukiona," alisema Fundi. "Tulikuwa tunakimbia."

King'ora alikuna kidevu. "Si mbali," alisema, akaelekea garini bila kugeuka nyuma. Mama mkwe, ambaye mguu wake ulikuwa mzima kabisa, alifika mlangoni kabla yao wote.

Jioni simu ya King'ora ililia. Alikuwa amesimama chini ya manyunyu ya maporomoko, shati limemganda mgongoni, viatu vya mama yake amevishika mkononi kwa sababu mama mwenyewe alikuwa ameshapanda kwenye mawe ya juu na hasikii la mtu. Akampa mkewe simu.

"Wifi, tumerudi, majirani wanasema mlifika mkaondoka," sauti ya dada ilisema. "Mko wapi? Kaka anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi mpe simu aniambie mnafika saa ngapi."

Fundi akaisogeza simu kwenye sikio la mumewe.

"Sijui, dada," King'ora alipaza sauti kuyashinda maji. "Nyie kuleni tu."

Upande wa pili wakamsikia dada akimwita mumewe kwa hofu, "Njoo, njoo usikilize, huyu si kaka yangu!" na Fundi akacheka mpaka ikabidi akae chini kwenye majani mabichi.